Songs of a Lost World ya The Cure: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu The Cure watoe albamu hii mwishoni mwa 2024 nimekuwa nikiipigia debe kwa kila mtu anayenisogelea, na maswali ninayorudishiwa ni yaleyale. Mengine yanatoka kwa watu ambao hawajawahi kuisikia bendi hii, mengine kwa mashabiki wa siku nyingi waliokwisha kukata tamaa nayo. Nimeyakusanya hapa nikayajibu kwa kadiri ya uwezo wangu.

Kwani The Cure ni akina nani?

Ni bendi ya posti-panki ya Uingereza kutoka Crawley, mji wa West Sussex ulio jirani na uwanja wa ndege wa Gatwick. Walianza wakiwa vijana wa shule mwaka 1976 kwa jina la Malice, mwaka uliofuata wakajiita Easy Cure, na kufikia 1978 wakabaki na The Cure. Albamu yao ya kwanza ilitoka Mei 1979. Wanamuziki wameingia na kutoka, lakini aliyekuwepo tangu siku ya kwanza hadi leo ni mmoja tu: Robert Smith, mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi, aliyezaliwa Blackpool tarehe 21 Aprili 1959. Ndiye yule mwenye nywele zilizotimka na rangi ya mdomo iliyopakwa ikavuka mpaka. Kama hujui wimbo wao wowote, huenda umewahi kukutana na "Friday I'm in Love" wa 1992. Ni wimbo mtamu, ila usiutumie kuipima albamu hii.

Na posti-panki ndiyo nini?

Neno panki wengi wetu tulilijulia kwa kinyozi. Kwenye muziki lilikuwa wimbi la vijana wa Uingereza na Marekani wa katikati ya miaka ya 1970: nyimbo fupi, mwendo wa kasi, hasira nyingi, na imani kwamba huhitaji kuwa fundi wa gitaa ili upande jukwaani. Waliofuata baada yao ndio walioitwa posti-panki. Waliuchukua ule ujasiri, lakini wakapunguza kasi na kuacha nafasi tupu ndani ya wimbo, na besi iliyozoea kukaa nyuma ikaletwa mbele kubeba melodia. Hapo utawakuta Joy Division wa Manchester, Gang of Four wa Leeds, Wire, na Siouxsie and the Banshees, ambao Robert Smith mwenyewe aliwahi kuwapigia gitaa.

The Cure waliingia humo kwa albamu tatu zilizofuatana, Seventeen Seconds ya 1980, Faith ya 1981 na Pornography ya 1982, kila moja ikiwa na giza kuliko iliyoitangulia. Baadaye wakageukia nyimbo za kuchezeka, wakapata umaarufu mkubwa, na mwaka 1989 wakatoa Disintegration, ambayo mpaka leo ndiyo rula wanayopimiwa. Shabiki akiisifu albamu yao mpya, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama inaifikia Disintegration.

Basi inaifikia?

Ndiyo. Najua ni jibu zito na sikulitoa haraka. Nilisubiri karibu mwaka mzima kabla ya kulisema mbele za watu. Disintegration ni kazi ya kijana anayekaribia miaka 30 na kuogopa uzee. Songs of a Lost World ni kazi ya mzee wa miaka 65 aliyekwisha kuufikia, na sasa anahesabu waliokuwa naye njiani. Ile ya kwanza ina nyimbo zinazonata haraka zaidi. Hii ina ukweli zaidi. Kama ningelazimika kubaki na moja tu, leo ningeichukua hii.

Kwa nini ilichukua miaka 16?

Albamu iliyotangulia, 4:13 Dream, ilitoka Oktoba 2008. Tangu hapo bendi haikulala. Ilizunguka dunia ikipiga maonyesho ya saa karibu tatu, Julai 2018 ikaadhimisha miaka 40 Hyde Park jijini London, na 2019 ikaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki nchini Marekani. Mwaka huohuo wa 2019 waliingia Rockfield, studio iliyo kwenye shamba la zamani la ng'ombe wa maziwa karibu na Monmouth, Wales, wakarekodi nyimbo nyingi kuliko hizi 8 tulizopewa. Robert akaahidi kwamba albamu iko njiani. Akaahidi tena. Ikafika mahali mashabiki tukawa tukiisikia ahadi tunanyamaza tu.

Kilichokwama kilikuwa maneno, muziki ulikuwepo. Amekuwa akieleza kwamba kadiri umri unavyosonga ndivyo inavyomwia vigumu kuandika maneno anayotaka kweli kuyaimba. Na katika miaka hiyo ya kungoja alifiwa na mama, baba na kaka yake mkubwa, Richard. Kama albamu ingetoka pale 2019 ingekuwa nzuri, sina shaka. Lakini ingekuwa albamu ya mtu anayeimba kuhusu kifo kama alivyoimba tangu ana miaka 21. Hii tuliyonayo imeandikwa na mtu aliyetoka makaburini.

Nani wamepiga humo?

Robert Smith kwa sauti, gitaa na vinanda, na ile besi ya nyuzi sita anayoipenda. Simon Gallup kwenye besi. Jason Cooper kwenye dramu. Roger O'Donnell kwenye vinanda. Na Reeves Gabrels kwenye gitaa, ambaye kabla ya hapo alikuwa mshirika wa miaka mingi wa David Bowie, nyota wa roki wa Uingereza. Prodyuza ni Robert pamoja na Paul Corkett, aliyefanya naye pia Bloodflowers ya 2000. Jambo moja ambalo watu hulipita: nyimbo zote 8 zimetungwa na Robert peke yake. Mara ya mwisho kufanya hivyo kwa albamu nzima ilikuwa The Head on the Door ya 1985.

Simon Gallup anastahili neno lake. Agosti 2021 alitangaza kwamba ameondoka kwenye bendi, na kabla mwaka haujaisha akawa amerudi. Sikiliza besi yake kwenye "A Fragile Thing" kisha jiulize wimbo ule ungesimama kwa miguu gani bila yeye.

Mbona nyimbo zinachelewa kuanza? Nilidhani simu yangu ina tatizo.

Simu yako ni nzima. Kwenye "Alone", wimbo wa kwanza, Robert hafungui kinywa mpaka dakika 3 zimepita na ushee. Kwenye "Endsong", wa mwisho, unasubiri zaidi ya dakika 6. Kwa sikio lililozoea nyimbo za siku hizi, ambazo kiitikio kinakuvamia kabla hujakaa vizuri, hii inaonekana kama kasoro.

Lakini sisi watu wa taarabu tusishangae. Kwenye taarabu asilia ya Zanzibar, ile ya Ikhwani Safaa na wenzao, onyesho hufunguliwa kwa bashrafu, ala tupu bila sauti ya mtu. Fidla na kanuni na akodiani huzungumza kwanza, watu wakae, wapoe, waache ya nje nje. Mwimbaji akisimama anawakuta wasikilizaji wamekwisha kuwa tayari. "Alone" inafanya kazi ileile. Dramu inapiga polepole na kwa uzito kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, vinanda vinatanda juu yake, gitaa linadondosha noti mojamoja, na kila mzunguko unaongeza kitu kidogo. Sauti inapoingia hatimaye unagundua kwamba ulikwisha kuelewa wimbo unahusu nini kabla hujaambiwa neno.

Na sauti yenyewe! Alikuwa na miaka 65 albamu ilipotoka, na sauti haijachakaa. Ina mlio uleule wa mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Ukimsikiliza wa 1989 na wa 2024 mfululizo utapata shida kujua yupi ni yupi.

Ni kweli "Alone" imetokana na shairi?

Ni kweli. Ernest Dowson, mshairi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1900 akiwa na miaka 32, aliandika shairi fupi liitwalo "Dregs", yaani mashapo, yale yanayobaki chini ya glasi. Moto umezimika, kinywaji kimekwisha, waliokuwepo wamekuwa vivuli. Robert alikuwa amehangaika muda mrefu kutafuta mstari wa kufungulia albamu, na anasema alipolikumbuka shairi hilo ndipo alipojua kwamba wimbo, na albamu yenyewe, vimekuwa vitu halisi. Wazo la mwisho wa kila wimbo, ambalo limo kwa Dowson, ndilo linaloifungua albamu. Likumbuke, maana linarudi baadaye.

"I Can Never Say Goodbye" unamhusu nani?

Richard, kaka yake. Jina la wimbo maana yake ni kwamba siwezi kamwe kuaga. Aliupiga hadharani kwa mara ya kwanza Kraków, Poland, Oktoba 2022, miaka miwili kabla albamu haijatoka, na amesema wimbo unasimulia bila mapambo kilichotokea usiku ule alipofariki. Kuuimba mbele ya watu, anasema, kulimsaidia kuukabili msiba.

Muziki wake ni mwepesi kiasi cha kutisha. Piano ina noti chache tu zinazojirudia, kama mtoto anayejifunza au mtu mzima ambaye mikono yake haina nguvu ya kufanya zaidi. Kwenye mashairi kuna maneno aliyoazima kwa wachawi wa Macbeth ya Shakespeare, tamthilia ambayo S. S. Mushi alitupa kwa Kiswahili kama Makbeth mwaka 1968: wale wanaohisi kwamba kuna kitu kiovu kinasogea. Kwa Robert kitu hicho kinasogea usiku kuja kumwiba kaka yake. Hakuna falsafa, hakuna maneno ya "amepumzika". Kuna usiku, na mtu aliyeibiwa.

Nitasema na hili. Novemba ile nilikuwa Tanga kwa mama. Mchana wa mvua, mama amekaa sebuleni anachambua mchele kwenye ungo, mimi nimeweka wimbo huu kwenye spika ndogo nikidhani hausikilizi. Mama hajui Kiingereza. Ulipofika katikati akauliza, "Huyu analia nini?" Nikamwambia, "Kaka yake amefariki, mama." Hakusema kitu, akaendelea kuchambua. Miezi minane kabla ya hapo alikuwa amemzika kaka yake mwenyewe, mjomba wangu. Wimbo ulipokwisha akasema, bila kuinua uso, "Hebu urudie."

Nikaurudia mara tatu.

Na "Endsong"? Dakika 10 si nyingi mno?

Ni dakika 10 na kidogo, na sioni hata moja ya kupunguza. Chanzo chake ni kumbukumbu ya Julai 1969. Robert alikuwa na miaka 10, amesimama nje na baba yake wakiutazama mwezi, akiambiwa kwamba kule juu kuna watu wanatembea. Ni safari ya Apollo 11. Miaka zaidi ya 50 baadaye yuko nje tena, mwezi ni uleule, baba hayupo, na yule mtoto hajulikani alikwenda wapi. Dunia iliyoahidiwa usiku ule, yenye watu wanaopiga hatua mbele pamoja, nayo haionekani. Hiyo ndiyo "dunia iliyopotea" ya jina la albamu.

Dramu za Jason Cooper hapa zinapigwa kama ngoma ya msafara, na gitaa la Reeves Gabrels linapanda juu yake likilia kwa dakika kadhaa kabla neno lolote halijasemwa. Mwishoni kabisa ule mwisho wa kila wimbo wa kwenye "Alone" unarudi, kisha linabaki neno moja likijirudia: hakuna kitu. Na kweli, kinachofuata ni kimya. Mara ya kwanza nilikaa na kile kimya nikasahau kuvua spika za masikioni.

Nyimbo nyingine je?

"And Nothing Is Forever" ndio mzuri zaidi kwa melodia. Unatokana na ahadi ambayo Robert alimpa mtu aliyekuwa mgonjwa sana, kwamba angekuwa naye dakika ya mwisho, na haikuwezekana. "A Fragile Thing" ni wimbo wa mapenzi yanayovutwa huku na huku, na ndio mwepesi kuingilia kwa mgeni. "All I Ever Am" una kasi na unapendeza zaidi kila ukirudia.

"Warsong" na "Drone:Nodrone" ndio zinazonipa taabu. Ya kwanza ni ya ugomvi na kelele zake zinaeleweka, ila inaisha kabla haijaniambia la kutosha. Ya pili ilianzia kwenye kisa cha ndege ndogo ya kamera kuruka juu ya nyumba yake, na gitaa la Reeves humo ni la kusisimua, lakini kukaa kwake kabla tu ya wimbo wa msiba kunanishtua kila mara. Pia naona miksi, yaani namna sauti za ala zilivyochanganywa, imebanwa mno sehemu zenye kelele. Ala zinapigania mlango mmoja. Nayasema haya kwa sababu naipenda albamu.

Lile jiwe kwenye jalada ni nini?

Ni sanamu iitwayo Bagatelle, kazi ya mchongaji wa Slovenia, Janez Pirnat, ya mwaka 1975. Ni kichwa cha mtu kilichochongwa nusu, au kilicholiwa na wakati nusu, huwezi kujua, kikielea kwenye giza kama mwezi au kimondo. Jalada lilisanifiwa na Andy Vella, aliyefanya nao kazi tangu miaka ya 1980.

Ilipokewaje?

Ilitoka tarehe 1 Novemba 2024 na ikaingia moja kwa moja namba 1 Uingereza, jambo ambalo The Cure walikuwa wamelifanya mara moja tu kabla, kwa albamu ya Wish ya 1992. Marekani ilifika namba 4. Kabla haijatoka, bango la kuitangaza lilibandikwa kimyakimya kwenye baa moja ya Crawley walikopigia enzi zao za mwanzo, tarehe ikiwa imeandikwa kwa namba za Kirumi. Siku yenyewe ya kutoka waliipiga yote kwa mpangilio Troxy, jumba la sinema la zamani mashariki mwa London, kisha wakaendelea na nyimbo za zamani hadi zikafika 31, na onyesho zima likarushwa mubashara YouTube. Liangalie. Mtu wa umri ule anasimama saa karibu tatu na bado anaonekana kuona haya watu wakimpigia makofi.

Nimesikia aligombana na wauza tiketi. Ni kweli?

Ni kweli, mwaka 2023, walipokuwa wakijiandaa kwa ziara ya Marekani Kaskazini. Bendi ilipanga baadhi ya tiketi ziuzwe kwa dola 20 tu, na ikakataa ule mtindo wa bei kupanda kadiri watu wanavyozidi kuulizia. Kumbe ada zilizoongezwa juu zikawa zinaipita bei ya tiketi yenyewe. Robert alikuja juu mtandaoni, kwa herufi kubwa tupu kama kawaida yake, mpaka Ticketmaster ikakubali kuwarudishia wanunuzi dola 10 kwa tiketi za bei ya chini na dola 5 kwa nyingine. Mtu anaweza kusema dola 10 ni pesa ndogo. Mimi naona ni mwanamuziki aliyekumbuka kwamba shabiki wake amepanda basi kuja.

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na hii?

Anza nayo, ila usianze na wimbo wa kwanza. Weka "A Fragile Thing", halafu "And Nothing Is Forever". Vikikukaa, tafuta dakika 49 usiku, zima taa, ianze yote kutoka "Alone" bila kuruka. Haifai kusikilizwa kwenye daladala. Nimejaribu, ikamezwa na honi na kelele za konda na sikuambulia kitu. Baada ya hapo nenda Disintegration, kisha Faith. Ukitaka kuwasikia wakicheka, tafuta Wish.

Ile Mixes of a Lost World ni albamu nyingine?

Ni nyimbo hizihizi zilizogeuzwa na wengine, wakiwemo Four Tet, Orbital, Paul Oakenfold na Mogwai. Ilitoka Juni 2025 ikiwa na vipande 24, na mapato ya bendi yalielekezwa War Child, shirika linalohudumia watoto walioathiriwa na vita. Ubora wake unapanda na kushuka. Inunue kwa ajili ya watoto.

Je, wanaaga?

Robert amesema kwamba 2029 atatimiza miaka 70, albamu yao ya kwanza itakuwa imefikisha miaka 50, na hapo, kama atafika, itakuwa basi. Amesema pia kwamba kutoka kwenye nyimbo zile nyingine za Rockfield kuna albamu ya pili ambayo karibu imekamilika. Tarehe hajatoa. Safari hii akiahidi naamini, na nipo tayari kusubiri.